Zana za karakana kwa vyuma chakavu: kijue chuma kwanza, ndipo uchague zana

Wengi huanza kwa kufikiria zana wanayoitaka, kisha wanatoka kwenda kutafuta chuma cha kuitengenezea. Nakushauri ugeuze mpango huo. Jua kwanza chuma ulichokipata ni cha namna gani, ndipo uamue kitakuwa nini. Nondo ukiifanya tindo, yaani patasi ya kukatia chuma, itapinda siku ya kwanza, hata uinoe vipi. Tupa kuukuu ukiifanya nyundo itapasuka na kumrukia mtu usoni. Lakini nondo hiyohiyo hutoa koleo zuri la kushikia chuma cha moto, na tupa hiyohiyo hutoa kisu kinachokaa na makali muda mrefu. Karibu kila zana iliyowahi kunivunjikia mkononi ilivunjika kwa sababu sikujua nilikuwa nimeshika chuma gani.

Mwongozo huu unaanza kwenye kutafuta chuma na kukitambua, unapita kwenye moto na tindo, na kuishia kwenye jiliwa, yaani kifaa cha kubania kazi mezani. Mpangilio huo una maana: kila zana hapa inasaidia kutengeneza inayofuata.

Hatua ya 1: Tafuta chuma kwenye chanzo

Yadi ya vyuma chakavu ndiyo inayokuja akilini haraka, ila si pazuri pa kuanzia. Pale kila kitu kimechanganyika, vipande vingi vimekatwa kwa gesi na kuungua kingo, na hakuna wa kukuambia kilitoka kwenye nini. Anzia kule kinakotoka. Chuma ukikitoa mwenyewe kwenye gari tayari unajua nusu ya habari zake.

Gereji zinazoshughulika na chini ya gari ni hazina. Omba springi za koili zilizokatika, majani ya springi, ekseli, beringi zilizokufa na jeki mbovu za skrubu. Springi ya gari ina kaboni ya kutosha kukazwa kwa moto, yaani kufanywa ngumu kwa kupashwa na kupozwa ghafla, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya chuma cha kukatia na kupigia. Ekseli ina kaboni ya wastani, inavumilia kipigo na inafaa nyundo. Ringi za beringi ni ngumu sana, zina kaboni karibu asilimia 1 pamoja na kromi, ila zinamsumbua anayeanza kufua. Chukua gololi zake tu kwanza, utaona baadaye zinafanya kazi gani.

Karakana za kerezo hubaki na vichwa vya shafti, vipande vifupi ambavyo mashine haiwezi tena kuvishika. Uzuri wake ni kwamba mkerezaji mara nyingi anajua alichokata ni chuma cha aina gani. Muulize, kisha uandike kwa rangi ubavuni mwa kipande kabla hujafika nyumbani, maana baada ya wiki mbili vyote vinafanana. Wachomeleaji wa mageti na madirisha wana masalia ya bomba za mraba, vyuma vya pembe na vyuma bapa: hivi ni laini, havikazwi kwa moto, lakini ndivyo vya kujengea fremu, meza na jiliwa. Wapasua mbao hutupa misumeno iliyoisha meno. Kwenye majengo kuna vipande vya nondo. Kwa wanaotengeneza mashine za kufulia utapata mota.

Nenda jioni kazi inapopungua, na taja kitu mahususi. Ukisema "naomba vyuma" utajibiwa hakuna. Ukisema "naomba koili ya springi iliyokatika, nataka kutengeneza tindo", mtu anainuka kwenda kuangalia. Na tindo likikamilika, mrudishie moja. Hakuna njia bora ya kuhakikisha anakukumbuka siku ekseli nyingine ikikatika.

Ukienda yadi, beba sumaku, tupa ndogo, futi kamba, chaki na glavu ngumu. Kwa kuwa huko huuziwa kwa uzito, jifunze kukadiria: sentimita moja ya ujazo ya chuma ina takriban gramu 7.85. Kipande kigumu cha sentimita 10 kwa 10 kwa 20 ni kilo 15.7. Ukipiga hesabu hiyo kichwani, mizani haikudanganyi.

Kuna vyuma usivyogusa hata ukiletewa mlangoni: reli bila karatasi ya mauzo, mifuniko ya mashimo ya barabarani, alama za barabara, vyuma vya minara ya umeme, mita za maji. Mfuniko ukiondolewa usiku kuna mtoto atakayetumbukia asubuhi. Dai risiti kwa kila kinachotoka yadi, uitunze.

Hatua ya 2: Vitu vya kuacha pale pale

Sehemu hii isome mara mbili, maana kosa lake halirekebishiki.

Usikate wala usipashe moto chombo chochote kilichozibwa. Shoki absoba za gari zina mafuta na mara nyingi gesi yenye shinikizo ndani. Zikipata moto hulipuka na kurusha mtaimbo wake kama risasi. Pipa lililowahi kuwa na petroli, dizeli au kemikali hulipuka hata likiwa tupu kwa miaka, kwa sababu mvuke unabaki kwenye mishono na kutu. Mitungi ya gesi ni vivyo hivyo.

Chuma chenye rangi ya fedha kilichopakwa zinki, kama mabomba ya maji na mabati, kisitiwe motoni wala kuchomelewa kikiwa na zinki yake. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, chini kabisa ya joto la kuchomelea, na moshi wake mweupe huleta homa, baridi na maumivu ya viungo saa kadhaa baadaye. Mtu anaweza kudhani ni malaria. Bolti zenye ngozi ya kimanjano zinaweza kuwa zimepakwa kadmiamu, na moshi wa kadmiamu huua. Kwa macho huwezi kuitofautisha na zinki, basi usipashe moto bolti yoyote iliyopakwa. Vilevile usisafishe chuma kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini kisha ukakichomelea: huzalisha gesi ya sumu iitwayo fosjini.

Na ukikutana na chombo kizito kisicho cha kawaida, chenye alama ya mionzi, mapezi matatu kuzunguka duara dogo, au kipande kinachofanana na silaha, rudi nyuma na uwaite wenye mamlaka. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, wakusanyaji wa vyuma chakavu walifungua kifaa cha hospitali iliyoachwa kilichokuwa na cesiamu-137, kitu chenye mionzi hatari. Unga uliokuwa unang'aa ulipita mikononi mwa familia na majirani, na watu 4 walikufa. Walikuwa watu wanaotafuta chuma tu, kama sisi.

Hatua ya 3: Kitambue kabla ya kukikata

Anza na sumaku. Isiposhika, ni aluminiamu, shaba au aina nyingi za chuma kisichoshika kutu. Usivitupe: kipande cha shaba ni nyundo laini isiyojeruhi mashine, na chuma cha pembe cha aluminiamu ni kinga nzuri ya midomo ya jiliwa.

Kisha piga tupa kwenye kona. Tupa ikila kwa urahisi, chuma ni laini, au ni cha kukazwa lakini bado hakijakazwa. Ikiteleza kama juu ya kioo, kimekazwa tayari.

Kama una mashine ya kusaga, tazama cheche, na ufanye hivyo kwenye kivuli. Chuma laini kama nondo hutoa nyuzi ndefu za kimanjano zenye matawi machache. Chuma chenye kaboni nyingi, kama tupa, hutoa nyuzi fupi zinazopasuka kama maua, tele, karibu kabisa na jiwe. Chuma cha kusubu, kile cha masufuria mazito na bloku za injini, hutoa cheche fupi nyekundu, na kipande chake kikivunjwa ni cha kijivu chenye chembe kubwa. Hicho hakifuliki kabisa, ukikigonga kikiwa cha moto kinamomonyoka. Weka kando ya jiwe vipande viwili unavyovijua, nondo na tupa, uwe unalinganisha. Kulinganisha ndiko kunakofundisha jicho.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki. Kata ukanda mwembamba, upana wa kidole. Upashe moto hadi sumaku isiushike, uutumbukize kwenye maji, kisha ubane na kuupiga nyundo ukiwa umevaa miwani. Ukipinda, chuma hicho ni cha fremu na koleo. Ukikatika kwa mlio mkavu na ndani ukaona chembe laini za kijivu kama majivu ya sigara, umepata chuma cha tindo, panchi na visu. Dakika tano hizo zitakuokolea siku nzima ya kufua.

Hatua ya 4: Fuawe na moto

Fuawe, yaani chuma kizito cha kufulia juu yake, si lazima iwe na pembe. Inahitaji uzito chini ya mahali unapopigia, basi. Kichwa cha nyundo kubwa ya kuvunjia mawe kilichozamishwa kwenye gogo kinatosha kuanzia. Kipande cha ekseli ya lori kilichosimamishwa wima ni bora zaidi. Ukiwa na kipande cha reli ulichonunua kihalali, kisimamishe pia: kikilala hucheza kama ubao, kikisimama uzito wote unakuwa chini ya nyundo.

Kupima, dondosha gololi ya beringi kutoka sentimita 25 juu. Ikirudi zaidi ya nusu ya kimo hicho, una fuawe nzuri. Ikirudi robo tu, uso ni laini. Utatumika, ila nguvu yako nyingi itamezwa. Kimo cha fuawe kiwe pale vifundo vya ngumi yako vinapofika ukisimama wima na mkono umening'inia. Ikiwa chini ya hapo, mgongo utalipa.

Kwa moto, dramu ya breki iliyokufa ni jiko tayari. Kitako chake kina tundu. Chomelea au funga kipande cha bomba kisicho na zinki kwa chini, weka sahani yenye matundu juu yake, na upeleke hewa kwa mvukuto au feni ndogo. Makaa ya miti yavunjwe yawe saizi ya tunda la jozi (walnut). Makubwa huacha mianya ambayo hewa hupita bila kuunguzwa, na hewa hiyo ndiyo inayokula chuma chako na kukijaza magamba. Fanyia kazi hii nje au chini ya paa lililo wazi pembeni, mbali na chochote kinachoshika moto.

Hatua ya 5: Tindo kutoka kwenye koili ya springi

Hii ndiyo shule. Anayeweza kutengeneza tindo zuri ameshajifunza karibu kila kitu kilichomo kwenye zana ndogo: kufua, kulainisha, kukaza, kutuliza na kunoa. Chukua koili yenye unene wa milimita 12 hadi 16.

Usiikate fupi mapema. Acha mzunguko mmoja na nusu ili uwe na pa kushika. Ipashe hadi rangi ya chungwa, inyooshe kidogo kidogo kutoka ncha, ukiirudisha motoni kila rangi inaposhuka kuwa nyekundu iliyokolea giza. Springi ikigongwa ikiwa imepoa hupata nyufa ndani usizoziona. Ikinyooka, pima sentimita 20 na ukate.

Rudisha ncha motoni, fua pande mbili za bapa kwa urefu wa sentimita 5 hivi, zikikutana kwenye ukingo wenye unene wa milimita 3. Usifue hadi makali. Makali ni kazi ya tupa. Ukiona ncha inaanza kupanuka kama mkia wa samaki, igeuze ubavu na uirudishe kwa mapigo mepesi. Upande wa kichwa, pale nyundo itakapopiga, punguza kingo kuzunguka ili uwe na mteremko mdogo.

Sasa pumzisha chuma. Kipashe hadi sumaku isikishike (ni kwenye nyuzi 770 hivi), kiache kipoe hewani hadi weusi urudi. Fanya hivyo mara tatu. Kufua hukuza chembe za ndani na kuziacha hazilingani, na mizunguko hii huzirudisha ndogo. Tindo lisilopumzishwa linaweza kufanya kazi, lakini likivunjika utaona chembe kubwa kama sukari. Mara ya mwisho lifukie kwenye majivu makavu hadi kesho yake, ili tupa iweze kulila.

Piga tupa, uchonge makali kwa pembe ya nyuzi 60 hadi 70, ukibakiza ukingo wa karibu nusu milimita bila kuufikisha kwenye ukali. Ukingo mwembamba hupasuka wakati wa kukaza.

Kukaza ndiko kwenye presha. Tayarisha kopo la chuma lenye mfuniko na lita tatu au nne za mafuta ya kupikia, yapashe kidogo yawe ya uvuguvugu usiounguza. Oili chafu ya injini iache, ina metali na moshi wake ni sumu. Pasha sentimita 4 za mwisho wa tindo hadi sumaku iache kushika, ongeza kidogo, kisha tumbukiza sentimita 3 wima. Pandisha na kushusha taratibu bila kulipunga kushoto na kulia, maana kulipunga hulipinda. Kupandisha na kushusha kunazuia mstari mkali kati ya palipokazwa na pasipokazwa. Mafuta yakishika moto, funika kwa mfuniko. Usimwage maji.

Mimi mwanzoni nilikuwa natumia maji, kwa sababu nilidhani kigumu zaidi ni bora zaidi. Tindo langu la jani la springi lilizama kwenye ndoo, likachemsha maji, kisha nikasikia sauti ndogo sana: tik. Nililitazama, nikaona mstari mwembamba kama unywele ubavuni, nikajiambia ni mkwaruzo. Kwenye pigo la tatu kona yote iliruka ikakita kwenye mbao za mlango nyuma yangu. Tangu siku hiyo nikisikia tik, zana hiyo inarudi kwenye rundo la chakavu, hata kama inapendeza. Nawe uvae miwani hata kwa pigo moja.

Baada ya kukaza, jaribu kwa tupa: iteleze bila kula. Sasa tindo ni gumu lakini tete kama kigae, na ndiyo maana hatua inayofuata, kutuliza, hairukwi. Sugua ncha kwa msasa hadi ing'ae. Pasha joto sehemu ya nyuma, sentimita 5 kutoka kwenye makali, kwa moto mdogo au kwa kulaza kwenye chuma kingine cha moto. Utaona rangi zinatembea kuelekea makali: kwanza manjano ya majani makavu, karibu nyuzi 225, halafu kahawia, 255, zambarau, 275, kisha buluu, 295 na kuendelea. Zinatembea pole pole mwanzoni, halafu ghafla zinakimbia. Zambarau ikigusa makali huku buluu ikiifuata nyuma, zima kwenye maji. Sasa maji hayana ubaya, kwa sababu joto liko chini.

Rangi hizo ni funguo za zana nyingine zote. Patasi ya mbao isimamishwe kwenye manjano, inahitaji ukali kuliko uvumilivu. Panchi kwenye kahawia. Bisbisi iende hadi buluu, ikubali kupinda kidogo kabla ya kuvunjika. Kichwa cha tindo hakikukazwa kabisa, na kibaki hivyo: nyundo ngumu ikigonga kichwa kigumu, vipande huruka. Kikianza kuchanua kama uyoga baada ya kazi nyingi, kisage uuondoe mchanuo huo.

Noa sasa, ukichovya kwenye maji kila sekunde chache. Ukiona buluu imetokea kwenye makali wakati wa kunoa, umekula ugumu. Saga hadi uipite. Jaribu kwa kukata nondo. Makali yakijikunja, hukukaza vya kutosha au ulituliza kupita kiasi. Yakimeguka, hukutuliza vya kutosha. Rudia. Chuma hicho hicho kinakubali kurudiwa mara kadhaa.

Hatua ya 6: Zana ndogo, haraka haraka

Panchi inatoka kwenye kipande kilichobaki cha koili hiyo. Mchakato ni uleule. Ncha iwe nyuzi 60 kwa kuwekea alama na nyuzi 90 kwa kuanzishia tundu la keekee.

Kichoreo hakihitaji moto hata kidogo. Chukua biti ya keekee iliyokatika, ya milimita 3 au 4, isage iwe na ncha ya sindano, uipachike kwenye mpini wa mti. Chuma cha biti za kasi hubaki kigumu hata kikisagwa hadi kuwa moto, kwa hiyo usiogope rangi.

Kipande cha msumeno wa chuma uliokatika, kikisagwa upande mmoja, ni kisu cha kuwekea mistari kwenye mbao. Zungushia kamba mahali pa kushika.

Koleo la mhunzi: nondo mbili za milimita 12, urefu wa sentimita 45. Fua ncha ziwe bapa, geuza robo mzunguko, bapa tena pa egemeo, toboa, unganisha kwa riveti iliyopigwa ikiwa ya moto. Pasha kiungo hicho, ufungue na kufunga mara kumi wakati kinapoa, hakitakwama. Nondo haikazwi sana na hilo ni jema: koleo likianguka majini likiwa la moto halitavunjika.

Guni, yaani skwea, unaweza kuitengeneza kwa chuma bapa chembamba na kizito vilivyounganishwa kwa riveti mbili. Huhitaji skwea nyingine kuipima. Egemeza kwenye ubao wenye ukingo ulionyooka, chora mstari kwa kichoreo, igeuze upande wa pili, chora tena kuanzia pale pale. Mistari ikilala juu ya mwenzake, ni sahihi. Ikiachana kwa milimita 1 kwenye urefu wa sentimita 20, kosa halisi ni nusu yake, kwa sababu umeliona mara mbili. Piga tupa, rudia.

Hatua ya 7: Jiliwa kutoka kwenye jeki mbovu

Skrubu ya jeki ya gari, ile ya kukunjuka, ilitengenezwa kubeba uzito, na nati yake ipo tayari. Ndiyo moyo wa jiliwa.

Tafuta bomba la mraba la milimita 50 lenye ukuta wa milimita 3, na jingine la milimita 40. Ndani ya la kwanza kuna milimita 44, hivyo la pili linacheza kwa milimita 4. Gundisha kwa kuchomelea kanda za bati jeusi, lisilo na zinki, za milimita 1.5 kila upande wa bomba dogo. Utabaki na nusu milimita kila upande, inayotosha kuteleza bila kuyumba. Kabla ya yote, chungulia ndani ya bomba kubwa: kuna mshono ulioinuka. Usipouondoa kwa tupa, utalaumu vipimo siku nzima bure.

Bomba kubwa lichomelee kwenye bamba la kitako lenye unene wa milimita 8 au zaidi, lenye matundu manne ya bolti. Bomba dogo likate mfereji upande wa chini, kuanzia nyuma, upana kidogo kuliko bamba litakaloshika nati. Nati ichomelee kwenye bamba hilo fupi, lisimame kutoka kwenye kitako nyuma ya bomba kubwa na kuingia kwenye mfereji, ili skrubu ipite katikati ya bomba dogo na kuikuta. Mbele, funika bomba dogo kwa bamba lenye tundu la shingo ya skrubu. Weka washa (pete bapa ya chuma) nje na washa yenye pini kwa ndani. Pini ya ndani ndiyo inayovuta mdomo kufunguka. Wanaoisahau hupata jiliwa linalofunga tu.

Midomo ijenge kwa chuma bapa cha milimita 10 au zaidi: mmoja juu ya bomba kubwa, wa pili kwenye bamba la mbele, yote miwili ikiimarishwa kwa pembetatu nyuma yake. Juu ya nyuso zake funga kwa skrubu vipande vya jani la springi ulivyovilainisha kwenye majivu ili vitoboleke. Usichomelee springi moja kwa moja na chuma laini bila kuipasha kwanza hadi nyuzi 200 hivi: pembeni mwa mshono hukauka ngumu na kukatika wakati wowote, bila dalili.

Wakati wa kuchomelea, zungushia bomba dogo karatasi ngumu liwe ndani ya kubwa, funga midomo ibane karatasi moja, kisha gusa kwa nukta nne kabla ya kuchomelea popote. Mshono uwe vipande vya sentimita 2, ukiruka upande huu na ule. Chuma hujivuta kuelekea mshono unaopoa, na ukichomelea upande mmoja hadi mwisho, bomba kubwa litabana dogo na hutalitoa tena ila kwa msumeno. Na ukitumia grenda kusafisha, soma namba iliyo kwenye diski: ya milimita 115 imeruhusiwa karibu mizunguko 13,300 kwa dakika, ya milimita 230 ni 6,600 tu. Diski kubwa kwenye mashine ndogo iliyoondolewa kinga hupasuka, na haipasuki polepole.

Paka grisi kwenye skrubu, funga jiliwa kwenye meza nzito juu ya mguu wake, si katikati ya ubao. Weka vipande viwili vya karatasi, kila kimoja pembeni mwa mdomo, ukaze. Vivute. Vikigoma vyote, midomo iko sambamba. Kimoja kikitoka, punguza kwa tupa upande ule kilikogoma, kidogo kidogo, ukijaribu tena kila baada ya mipigo kumi.